Samaki Mkavu na Gitaa

Kuna sentensi moja ambayo sisi tunaoandika kuhusu muziki hapa Kenya hatujazoea kuiandika: hawa watu hawajui kupiga bado, na nimefurahi kuwasikiliza. Sentensi za wanaojua tunazo tele. Za watoto pia tunazo: ana kipaji, asaidiwe, atafika mbali. Lakini mtu wa miaka arobaini na mbili aliyenunua gitaa Desemba iliyopita, akatafuta wenzake wasiojua kama yeye, wakaanza kupiga pamoja kila Jumamosi, huyo hatuna lugha yake. Tunamcheka, ama tunampigia makofi ya kumpa moyo. Nataka kubishana na kicheko, na pia na makofi.

Kwanza tumalizane na methali. Samaki mkunje angali mbichi. Kama ushauri wa malezi, sina neno. Shida ni kwamba tumeigeuza ikawa hukumu: kama hukukunjwa ukiwa mbichi basi umekauka, na samaki mkavu ukimkunja anavunjika. Nimeisikia hukumu hiyo kwa sauti nyingi tangu nitoke chuo kikuu mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda. Nina miaka ishirini na sita, na tayari kuna watu wa ukoo wetu wanaoniongelea kama basi lililoondoka stendi. Kwa hivyo nikiongea kuhusu watu wazima wanaoanza, usidhani nimekaa pembeni kama refa. Nina kesi yangu humu ndani.

Ukitafuta mfano maarufu wa watu wazima wasiojua wakipiga pamoja, utaelekezwa Uingereza. Mwaka 1970, katika chuo cha sanaa cha mji wa Portsmouth, mtunzi Gavin Bryars, aliyekuwa akifundisha hapo, pamoja na wanafunzi wake walianzisha okestra iliyoitwa Portsmouth Sinfonia. Mlango ulikuwa wazi kwa asiyejua muziki kabisa. Anayejua naye aliruhusiwa, mradi ashike ala ambayo hajawahi kuipiga. Kulikuwa na sharti lingine ambalo watu husahau: ilikuwa marufuku kuharibu makusudi. Uje mazoezini, upige kadiri ya uwezo wako. Brian Eno, ambaye jina lake lilikuwa limeshaanza kuvuma katika muziki wa roki, alijiunga nao akipiga klarineti na akasimamia rekodi zao. Tarehe 28 Mei 1974 wakapanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, ukumbi ambao wapigaji waliosomea kazi hiyo huuota usiku, na maelfu ya watu wakanunua tikiti kuwasikiliza.

Tafuta albamu yao ya kwanza, Portsmouth Sinfonia Plays the Popular Classics. Vipande vilivyomo ni vile ambavyo hata asiyefuata muziki wa Kizungu ameshavisikia kwenye tangazo au katuni: Simfoni ya Tano ya Beethoven, ile mbio ya farasi ya William Tell, Blue Danube, Also sprach Zarathustra. Katika hiki cha mwisho tarumbeta zinapanda kuitafuta sauti ya juu, kila moja inafika karibu na mlango, na hakuna inayogonga. Kila mtu anajua wimbo unaelekea wapi. Mikono ndiyo haijui njia. Mara ya kwanza nilicheka hadi nikasimamisha simu. Mara ya tatu nikaanza kusikia kitu kingine, na kitu hicho ni bidii. Hakuna anayefanya mzaha kwenye ile rekodi. Mzaha uko kwetu tunaosikiliza.

Na udhaifu wake uko papo hapo. Ili rekodi hiyo ikuchekeshe, lazima uwe umebeba ile halisi kichwani, uilinganishe kila sekunde. Yaani kipimo hakiko chumbani na wapigaji. Kiko nje, kwa wataalamu, na wapigaji wanapimwa kwa umbali wao nacho. Tena kicheko cha namna hiyo kina tarehe ya kuisha. Mtu akija mazoezini wiki baada ya wiki na kupiga kwa uwezo wake wote, ataanza kujua. Akishajua, mchezo umekwisha. Kundi lililojengwa juu ya kutojua huhujumiwa na kujifunza kwenyewe. Portsmouth Sinfonia ilipiga hadharani mara ya mwisho mwaka 1979. Mimi nawaheshimu kwa jambo moja kubwa: waliwaweka wanaoanza mahali ambapo ilibidi wasikilizwe. Ila hawakuwa na jibu la swali linalofuata. Baada ya kutojua, tunaelekea wapi?

Swali hilo pwani yetu ilikuwa imelijibu zamani, bila kelele. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa Lamu na Mombasa walitazama bendi za askari na za misheni, wakachukua tarumbeta na ngoma, wakaunda beni zao wenyewe, na vyeo vyao, na mavazi yao. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika zikaja Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuzihusu, kilichotoka mwaka 1975. Hawa hawakuwa watu wa vyeti vya muziki. Walikuwa watu wa kazi za mjini na bandarini, waliojifunza ndani ya kundi, huku mahasimu wao wakiwatazama kwa jicho kali. Na hasimu, kusema ukweli, ni mwalimu mzuri, kwa sababu yeye hakuhurumii.

Zanzibar nako, mwaka 1905, klabu ya Ikhwani Safaa ikaanzishwa. Ni klabu, wala si kampuni ya burudani: wanaume waliokutana jioni baada ya shughuli zao kujifunza na kupiga muziki wa mtindo wa Misri, ambao baadaye ukawa taarab tunayoijua. Ipo hadi leo. Waliotangulia hufundisha waliofuata, na aliyeingia hajui hutoka anajua, na klabu haifi kwa sababu mtu amejua.

Halafu kuna Siti binti Saad. Habari zake tunazipata vizuri katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akawa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini, na huko Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba na ala. Sauti alikuwa nayo tangu zamani, lakini kuinadi bidhaa njiani ni kitu kimoja, na kuiweka sauti juu ya udi na fidla ni ufundi mwingine kabisa. Piga hesabu. Alikuwa na umri wa yapata miaka thelathini alipoanza masomo hayo. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, akiwa anakaribia hamsini. Huyo ndiye tunayemwita mama wa taarab. Na kicheko alikipata pia: walikuwepo waliomkejeli kwamba ametoka shamba na hana cha kujivunia. Hakumwambia mtu amhurumie. Aliwajibu kwa wimbo.

Sitaki kuipaka Zanzibar rangi ya peponi. Ikhwani Safaa ilikuwa klabu ya wanaume, na kwa miongo mingi mwanamke katika taarab alipewa kipaza sauti huku udi, fidla na kanuni zikibaki mikononi mwa wanaume. Ilifika mwaka 2009 ndipo kikaundwa kikundi cha Tausi chini ya Mariam Hamdani, wanawake watupu, wanaopiga ala wao wenyewe. Karne nzima na zaidi. Kwa hivyo tukisema kundi linamfungulia anayeanza mlango, tuulize pia ni nani aliyeachwa barazani.

Sisi wa bara tulichukua njia nyingine. Kenya Music Festival ilianza mwaka 1927, na imetupa mengi: nyimbo za jamii zetu zimehifadhiwa pale, walimu wa kwaya wamekomaa pale. Lakini imetuachia pia picha ya muziki kama kitu cha shule, kinachosimama mbele ya mwamuzi, kikapewa alama, kikarudi kwenye basi. Ukimaliza kidato cha nne unavua sare, na sauti yako unaikunja pamoja nayo sandukuni. Tuna nchi iliyojaa watu waliowahi kuwa teno. Waulize leo kama wanaimba, watakujibu, "Ah, mimi nilikuwa naimba zamani," kama mtu anayetaja jino lililong'olewa.

Kinachobaki ni kwaya ya kanisa, na hii ndiyo shule yetu kubwa ya watu wazima, ingawa hatuiiti hivyo. Mama wa miaka hamsini anaingia sauti ya pili bila kujua kusoma solfa. Anasimamishwa kando ya mwenzake anayejua, na sauti anaipokea sikioni, mstari kwa mstari. Miezi sita baadaye yeye ndiye anayesimamishwa kando ya mgeni. Hakuna anayeandika uhakiki wa kwaya hiyo, na naelewa kwa nini: ile ni ibada, na ibada haipewi alama. Lakini ina maana kwamba utaalamu mkubwa wa kufundisha wanaoanza uko kati yetu, na sisi waandishi tumeupita kila Jumapili.

Na nje ya kanisa? Nimekaa Jumamosi saba na kikundi kimoja kinachokutana nyuma ya bucha, mtaa wa Umoja, Nairobi. Hakina jina. Ni watu tisa: gitaa nne, ukulele mbili, kinanda chenye funguo mbili zilizokufa, ngoma moja, na rekoda, ile filimbi ya plastiki ambayo wazazi tulio nao mtaani walilazimika kununua mtaala mpya ulipofika Gredi ya Nne. Mtoto aliichoka, mama yake akaichukua. Yupo mshonaji, yupo mwalimu wa hesabu, yupo mlinzi wa usiku ambaye hutoka hapo moja kwa moja hadi kazini. Mwenye uzoefu mrefu kuliko wote ana miaka miwili. Nilienda na daftari, kama ninavyoenda kwenye shoo yoyote.

Wimbo wao mkuu ni Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William na ambao Miriam Makeba aliupeleka duniani. Ni wimbo ambao karibu kila anayeanza gitaa hapa kwetu hupitia. Umeusikia mara elfu. Mimi pia, na kwa muda mrefu niliuhesabu kama wimbo uliokufa, ule unaopigwa na bendi ya hoteli Mombasa kati ya supu na samaki, laini kama kitambaa cha meza. Bendi ya hoteli inaujua mno. Kodi zinabadilika bila mtu kugundua zimebadilika, na mwimbaji anateleza juu yake akitabasamu.

Sasa njoo nyuma ya bucha. Kutoka G kwenda C, vidole vitatu vyote lazima vihame, na kwa hawa watu kuhama huko huchukua muda. Mapigo yanasimama. Mwimbaji, ambaye ni yule mshonaji, amejifunza kuwasubiri: anaishikilia silabi, anaivuta, anaangalia mikono ya wenzake, na gitaa ya mwisho ikifika ndipo anaendelea. Na kumbuka wimbo unahusu nini. Ni mtu anayependa na hana mali ya kuoa. Anataka na hawezi bado. Kwa bendi ya hoteli jambo hilo ni maneno tu. Hapa unalisikia ndani ya mapigo: kila mstari unafika mahali unakwama, unasubiri kitu ambacho hakijapatikana, halafu unapatikana upenyo, unasonga. Katika miaka yote niliyousikia Malaika, hapa ndipo niliposikia umaskini wa yule kijana. Watu hawa hawakukusudia. Lakini mhakiki hapimi nia, anapima kinachosikika, na hicho ndicho kilichosikika.

Mwalimu wa hesabu alinitania nikiandika. "Kodi za gitaa ni kama kodi ya nyumba," alisema. "Hufika kabla hujajiandaa." Wote wakacheka, na nikaona kwamba kicheko chao ni tofauti na kile cha Royal Albert Hall. Walikuwa wakicheka kitu wanachokijua, wakiwa ndani yake.

Wimbo wao wa pili ulikuwa benga, na uliharibika. Lazima niseme hivyo, la sivyo sifa za Malaika hazina thamani. Benga ya Shirati Jazz au ya yeyote katika mkondo ule haina pa kupumzikia. Besi inaruka, gitaa ya kwanza inaongea na ya pili bila kuacha nafasi ya pumzi, na ukichelewa nusu pigo umeshaachwa na lori. Wao walichelewa wote, kila mtu kwa kiasi chake. Ngoma ilikimbia peke yake. Rekoda ilinyamaza ubeti mzima. Hawakupiga benga polepole, hilo lingekuwa wazo; walipiga benga ya kasi kwa mikono isiyo na kasi, na matokeo yake ilikuwa ni kila mtu kutazama vidole vyake. Tofauti kati ya nyimbo hizo mbili haikuwa ujuzi, maana mikono ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kwamba katika wa kwanza walitazamana.

Walipomaliza nilipiga makofi, kama tunavyofanya. Mama mwenye rekoda akaniangalia.

"Kijana wangu, hayo makofi ni ya nini?"

"Ya kuwapongeza, mama."

"Ulisema wewe kazi yako ni kusikiliza. Basi tuambie uliposikia tumepotea. Makofi ya nasari peleka nasari."

Nikawaambia nilichokiandika hapo juu, pamoja na kuharibika kwenyewe. Walibishana nami kuhusu ngoma. Mlinzi alitetea ngoma yake kwa nguvu zote, akisema yeye ndiye pekee aliyekuwa kwenye kasi sahihi, na wengine ndio waliobaki nyuma. Alikuwa na hoja. Wakaurudia wimbo ule, safari hii ngoma ikiwasubiri kama mshonaji anavyowasubiri kwenye Malaika. Haukuwa mzuri bado. Lakini ubeti wa pili ulifika mwisho na watu wote tisa ndani yake.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu nadhani kinatupa kipimo tulichokikosa. Rekodi ya Portsmouth inauliza: wako mbali kiasi gani na wanaojua? Makofi ya huruma hayaulizi kitu. Swali linalowafaa wanaoanza ni lingine: wanasikilizana? Je, wimbo waliouchagua unatoshea mikono waliyonayo leo, na wakipotezana, wanajua namna ya kutafutana? Hayo yanasikika. Unaweza kuyaandika bila kumdanganya mtu, na yanaweza kumfanya mtu apige vizuri zaidi Jumamosi ijayo. Tena hayaishi mtu akishajua. Bendi nyingi za watu wanaojua sana zingeanguka mtihani huohuo.

Wapo watakaoniambia kwamba nchi ina wanamuziki wenye uwezo wanaolala njaa, na mimi nahangaika na walinzi na washonaji. Naelewa. Lakini mwanamuzi mwenye uwezo anamwimbia nani? Anamwimbia mtu mwenye sikio. Sikio halipatikani kwa kununua tikiti peke yake. Aliyehangaika wiki sita kuhamisha vidole vitatu kutoka G kwenda C hatasikiliza tena gitaa kama fanicha. Atajua kilichomgharimu yule aliye jukwaani, na labda atalipa bila kuombewa punguzo.

Methali nyingine husema ngoma ya watoto haikeshi. Inaweza kuwa kweli. Lakini hawa si watoto. Wana kodi, wana karo, wana zamu ya usiku, na bado Jumamosi saa tisa wamefika. Ukipita nyuma ya bucha yoyote katika mji huu ukasikia gitaa zikisuasua, usicheke, na tafadhali usipige makofi. Simama, sikiliza ubeti mzima, halafu ingia uwaambie ulichosikia.